Punda Asiye na Zamu

Mbita, Jumatatu asubuhi

Mdogo wangu Mwanaidi,

Amani iwe juu yako na juu ya wote waliomo nyumbani kwetu Lamu. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho imechafuka, na utaona mwenyewe kwa nini. Mama anaendeleaje? Ule mkono wake wa kushoto umeanza kushika kikombe, au bado unamnywesha wewe? Na usingizi anapata? Mbusu mkono kwa niaba yangu, mwambie mwanawe anakula, ijapokuwa huku samaki wanamkaanga mpaka anakauka, na nazi kwao ni kitu cha kusikia.

Karatasi hii isome peke yako. Ile nyingine iliyokunjwa ndogo ndiyo ya kumsomea mama. Mle nimeweka habari za ziwa, za mvua na za harusi ya jirani, mambo ya kumfurahisha.

Utashangaa kaka yako ana simu na bado anaandika barua. Naandika kwa sababu kwenye simu utaniambia, "Sawa, kaka," na hiyo sawa yako ndiyo iliyoniketisha hapa kabla sijafungua duka. Alhamisi ulinipigia ukanieleza kuwa chuo cha ualimu wa chekechea kimekupa nafasi, na kwamba unatakiwa ufike mwanzoni mwa mwezi ujao. Mimi nikakujibu nini? Nikakwambia ungoje mwakani, maana nani atabaki na mama. Nawe ukasema, "Sawa, kaka," ukaniuliza kama huku kumenyesha. Nikakata simu nimeridhika, nikaendelea kumpimia mvuvi kamba. Jambo hilo nitalifikia. Lakini kwanza niache nitoe hasira yangu, kwa sababu jana nimedhulumiwa, na katika mji huu mzima hakuna mtu anayemjua punda wa kunielewa.

Unakumbuka niliwahi kukusimulia mchezo tunaocheza Jumapili nyuma ya duka? Mwalimu Okoth, mtu wa Uriri anayefundisha hesabu hapa, ndiye aliyekiokota kile kitabu kwenye meza ya vitabu vya mitumba Migori mjini. Kitabu kinene kama tofali, na chote ni sheria. Kila mchezaji anajitungia mtu wake wa kubuni, mpiganaji au mganga au mwizi, na Mwalimu ndiye anayesimulia safari na maadui na majoka, na ndiye hakimu. Ukitaka kufanya jambo la hatari unarusha dadu yenye nyuso ishirini, nayo inakwambia umefaulu au umeumia. Tuko wanne: Mwalimu, Akinyi, muuguzi wa zahanati, anayekuja akitoka misani, Chacha, Mkuria wa Kegonga anayeuza mahindi katika duka linalopakana na langu, na mimi. Tumechagua Jumapili kwa kuwa Jumamosi ni Sabato ya Mwalimu na Ijumaa ni yangu. Tunacheza kwa Kiswahili, maana mimi na Chacha Kijaluo chetu ni cha kuombea chai tu.

Usicheke. Huu ni mwaka wangu wa tatu huku, na meza ile ndiyo baraza yangu. Nikiwa pale naitwa Swaleh. Kwingine kote mimi ni mtu wa nyavu.

Basi ulipofika wakati wa kuchagua vipando, Akinyi akachukua farasi mweupe, Chacha akachukua dume la ng'ombe lenye pembe ndefu, na Mwalimu akakubali yote bila neno. Mimi nikasema nitapanda punda. Nikampa jina la Sabuni, jina la punda wetu, yule aliyekula mche wa sabuni akiwa mtoto akatoa povu uchochoroni kutwa nzima. Wakacheka mpaka Akinyi akamwaga chai. Huku, Mwanaidi, punda ni wa kuteka maji ziwani. Anafungwa mitungi minne, anafuatwa na fimbo nyuma, na hakuna mtu mzima anayempanda. Mwaka wangu wa kwanza nilimwazima punda wa muuza maji nikampanda mpaka sokoni, na soko likasimama. Mpaka leo wapo akina mama wauza samaki wanaoniita Japunda, yaani mtu wa punda, na watoto wao wamelirithi jina.

Dhuluma ikaanza siku hiyohiyo. Mwalimu akafungua kitabu, akasema mnyama wa kupandwa sharti amzidi mpandaji kwa daraja moja la ukubwa, na kwa kuwa punda yumo daraja moja na binadamu, hawezi kumbeba mtu. Hawezi. Nikamwambia marehemu baba yetu alikuwa mtu wa kujaza mlango, na Sabuni alimchukua kila asubuhi mpaka machimboni na kurudi na mawe ubavuni, na wala hakuwahi kumuuliza baba yuko daraja gani. Mwalimu akajibu kwamba ya baba yangu hayajui, anayajua ya kitabu. Akinyi ndiye aliyeniombea, nikaruhusiwa kama anayefanyiwa hisani. Kisha nikaambiwa kwamba kumpanda mnyama kunakula nusu ya mwendo wako. Wewe ulikuwa na miaka saba ukimrukia Sabuni huku anatembea, na mkononi una mkate. Nikameza na hilo.

Lakini lililofuata halimezeki. Vita katika mchezo huu huenda kwa zamu. Kila mmoja anarusha dadu, mwenye namba kubwa anatangulia, na kila kiumbe aliyemo ana zamu yake, hata panya wa pangoni. Ila mnyama akishapandwa, zamu yake imekwisha. Anatenda katika zamu ya yule aliye juu yake, na anaruhusiwa mambo matatu tu: kukimbia, kukwepa, na kujitoa vitani. Hang'ati, hapigi teke, na kubwa kuliko yote, hakatai. Ukimwambia nenda, ameenda. Halafu kitabu hichohicho kinasema ukipanda joka, joka lina akili zake, kwa hiyo linabaki na zamu yake na linafanya lipendalo. Joka, kitu ambacho hakuna mama aliyezaa mtu aliyekiona, lina akili. Punda hana.

Nilisimama. Nikawauliza ni nani kati yao aliyewahi kukaa juu ya punda. Mwalimu akanitupia methali, shukrani ya punda ni mateke, eti nishukuru kwamba kitabu kimeniondolea mateke. Nikamwambia mateke ndiyo akili yenyewe. Ndipo nikawasimulia siku ile ya ukuta. Wewe ulikuwa umekaa mbele ya baba, mimi nyuma, tunakwenda kwa bibi, na Sabuni akagoma mdomoni mwa uchochoro. Baba hakumpiga. Alishuka, akatushusha, akasema maneno ambayo mimi na wewe tunayajua kama Fatiha: punda akisimama, shuka uangalie. Tukazunguka njia ya mbali, na baada ya Alasiri ukuta wa lile gofu ukaja chini ukaujaza uchochoro mzima mawe. Chacha akasikiliza mpaka mwisho, akasema ni bahati tu. Ng'ombe wa Kegonga, akasema, ukishawafunga jembe wanakwenda, na anayesimama anakula fimbo. Nikaona nazungumza na ule ukuta wenyewe.

Sasa njoo jana. Katika hadithi tulikuwa tumepewa kazi ya kupeleka dawa kwenye kijiji chenye maradhi, na dawa yote alikuwa ameibeba Sabuni. Nyuma yetu maadui wanatufukuza, mbele yetu korongo, na juu ya korongo daraja la kamba na mbao. Akinyi akauliza kama si vizuri mmoja wetu ashuke azikague zile mbao. Mimi nikasema hakuna haja. Na hapa nakuapia, nilisema kwa moyo mweupe kabisa. Nilijua, kama ninavyolijua jina langu, kwamba daraja likiwa bovu Sabuni atasimama. Hiyo ndiyo kazi ya punda. Ikiwa hajasimama, basi njia ni nzima. Mtu yeyote wa kwetu angesema vivyo hivyo.

Chacha akasema, "Punda afe, mzigo ufike," nami nikacheka, nikairudia. Mwalimu akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia asinichoshe. Nikamwamuru Sabuni aende, na Sabuni akaenda.

Tulipokaribia ng'ambo mbao zikakatika. Kitabu kina sheria hata hapo: kipando kikianguka, mpandaji anarusha dadu, na akifaulu anaruka na kutua kwa miguu yake. Nikarusha, ikaja kumi na nane. Mtu wangu akatua wima ukingoni, hata vumbi hakupata. Sabuni hakurushiwa dadu yoyote. Alikwenda na mbao na dawa mpaka chini, na Mwalimu akageukia zamu ya anayefuata.

Nikawaka, Mwanaidi. Nikawaambia hakuna punda duniani, awe wa kweli awe wa kubuni, ambaye angezikanyaga mbao zile. Nikasema ni uonevu, nikasema aliyekiandika kile kitabu hajawahi hata kumnusa punda, nikasema sitakaa tena kwenye meza ile, nikasahau kwamba meza ni yangu na duka ni langu. Mwalimu alingoja nimalize, kwa ile subira yake ya chaki, akaniuliza kama nililishuku daraja, mbona sikushuka. Nikamjibu kwamba nilikuwa nangoja punda akatae. Akinyi akazikusanya dadu mkononi.

"Sasa Swaleh," akasema, "hiyo punda ingekataa aje, na wewe ndio umechukua zamu yake?"

Nikamwambia zamu yake imechukuliwa na kitabu, si mimi. Akaniambia kwa upole kwamba kitabu kimechukua ya kila mnyama anayepandwa, lakini aliyempanda huyu ni mimi. Nikapandisha sauti. Wakachukua kofia zao wakaenda, na jua bado lilikuwa juu.

Nikabaki nakusanya vikombe, na hata vikombe nilivigombeza. Nilikuwa nimeshika cha Chacha niliposikia sauti yako, wazi kama uko mlangoni. "Sawa, kaka."

Mama alipopatwa na kiharusi, nilikupigia nikakwambia uache kazi kwa yule fundi wa nguo ukae nyumbani. Ukasema sawa. Rafiki yako wa chanda na pete alipoolewa Malindi, ukaniomba siku tatu tu, nikauliza nani atamgeuza mama, ukasema sawa. Alhamisi ukasema sawa, ukaniuliza habari za mvua. Na kila mara mimi nilijiambia kwamba njia ni nzima, kwa sababu ingekuwa inamuumiza, Mwanaidi angesimama. Namjua Mwanaidi, nilijiambia, ni yule aliyegoma kula siku mbili baba alipomuuza mbuzi wake. Nikawa nangoja ukatae. Lakini mpaka leo sijawahi kukuuliza swali lenye nafasi ya kukataa ndani yake. Nakupigia, naamua, nakata. Na kila linapotokea la kutokea, mimi natua wima huku Mbita, duka safi, naambiwa na watu kwamba mimi ni mtoto mwema anayemtunza mamake.

Anayemtunza mamake ni wewe. Mimi niko juu tu.

Tangu jana nina hasira mbili, na ile ya kitabu ndiyo ndogo. Nimeona haya kiasi kwamba asubuhi nimeshindwa kukupigia. Wala usinune kwamba nakufananisha na punda. Kwa watu wengine hilo ni tusi. Nyumbani kwa baba yetu unajua halikuwa tusi.

Niliacha kuandika hapo nikafungua duka. Naendelea sasa, ni mchana.

Saa nne nilimpigia mama mdogo Rukia. Sikumwambia mengi, nilimuuliza tu kama umeshairudisha ile barua ya chuo. Akasema hujairudisha, umeikunja umeiweka chini ya cherehani, na kila ukikaa kushona anakuona unaigusa kwa ukucha kuona kama ipo. Akanikemea vilevile, na mimi nilikuwa nastahili. Amekubali kuja kila asubuhi na jioni kumwogesha mama, kwa sababu hilo si la mtoto wa kiume.

Yaliyobaki ni yangu. Kumlisha, kumnyoosha mkono, kumtembeza ukumbini, kumsikiliza anaposimulia yaleyale. Ni mama yangu pia, na sijui ni lini nililisahau jambo dogo kama hilo.

Nilipokuwa nikilifikiria duka, Chacha akaingia kuona kama bado nimenuna. Nikamweleza yote, ya kwako na ya mama, kwa maana sikuwa na mtu mwingine. Alikaa juu ya gunia, akanyoosha mkono.

"Leta funguo," akasema. "Mimi nitakaa na duka hadi urudi."

Nikamwambia huenda ikawa mpaka mdogo wangu amalize masomo, kama ataamua kwenda. Akaniuliza kwani yeye amesema hadi lini. Halafu, ili nisije nikamwona mtu mwema kupita kiasi, akaongeza kwamba punda wangu alikufa kihalali, na kwamba Jumapili watateremka korongoni na kamba kuifuata dawa. Nikamwambia wakifika chini wamzike. Mwalimu bado nina kesi naye. Amenitumia ujumbe kwamba kitabu ni kitabu, nami nimemjibu kwamba kitabu chake kimlee.

Nipe siku kumi nimalize nyavu za watu walizoniagiza, kisha napanda basi, na Mwenyezi Mungu akijalia nitakuwa hapo kabla mwezi haujaandama. Barua hii inatangulia kwa mzigo wa basi la leo, ili ikufikie una nafasi ya kufikiri kabla hujauona uso wangu.

Siandiki kukuamuru uende chuo. Nikikuamuru hata hilo, bado nitakuwa juu. Mimi nakuja kukaa na mama, utakwenda au hutakwenda. Ukitaka chuo, ile barua itoe chini ya cherehani. Ukitaka kubaki ushone, baki. Kama kuna njia ya tatu ambayo sijawahi kukuuliza, ishike hiyo. Na ukitaka kunipiga teke nikifika mlangoni, nitasimama tuli, kwa maana sheria za kitabu kile hazitumiki nyumbani kwetu.

Nisalimie mama mdogo Rukia, mwambie makemeo yake yamefika. Nisalimie Mzee Athmani, jirani yetu mchonga milango, na mkewe anayekuletea mkate wa mofa. Nisalimie bibi, kama masikio bado yanasikia jina langu. Na Sabuni, ambaye najua siku hizi ni mzee na amefanya kizingiti chetu kitanda, mpe maganda ya ndizi. Akikataa kusogea, mruke.

Nangoja jibu lako. Andika lolote, hata matusi, lakini ukiandika "Sawa, kaka," nitaichana barua na kungoja nyingine.

Ni mimi kaka yako, ninayeshuka niangalie,

Swaleh